Oli-ini kwenye poti kubwa: jinsi ya kupunguza mtikisiko bila kujidanganya kwamba umeipunguza bahati

Wakuu, kuna usiku mmoja siusahau na sio kwa uzuri. Nilikuwa kasino moja hapa Dar, poka ya hela taslimu, nimeshika ree mbili, ya shupaza na ya uru. Mzee mmoja mpole mwenye kofia, kakaa kushoto kwangu, ana mfalme na malkia wa kopa. Mezani zimeshafunguliwa karata nne: jeki ya kopa, saba ya kopa, mbili ya maua, nne ya shupaza. Hela yote ikaingia katikati, ndio oli-ini yenyewe, poti (hela zote tunazoshindania) ya 2,000,000, imebaki karata moja tu. Nikamwambia mzee wangu vipi, tufungue mara mbili, kila moja ibebe nusu ya poti? Akatikisa kichwa. Mimi nikajua kakubali, nikaegemea kiti nimetulia kabisa, muziki unapigwa kama harusini, dila (mgawa karata) hakusikia chochote, akachoma karata moja, yaani akaitupa pembeni, akafungua riva, ile karata ya tano na ya mwisho: tisa ya kopa. Mzee ana kopa tano, zimezidi ree zangu mbili.

Nikasema haya, ya pili. Dila ananiangalia. Ya pili gani? Nikamgeukia mzee, akasema kijana, mimi nilikuwa natikisa kichwa kwa ajili ya muziki.

Meneja wa meza kaitwa, kasikiliza pande zote, kaamua karata imefunguka, poti ya mzee. Na alikuwa sahihi, hilo ndio linauma. Kwahiyo mengi ya haya nayoandika hapa nimeyalipia.

Kabla ya yote, elewa unachopunguza ni nini

Watu wanauliza nawezaje kupunguza bahati kwenye oli-ini. Jibu fupi huwezi. Hela ikishaingia yote katikati na karata za watu zimelala wazi, hakuna ujanja tena, kilichobaki ni pakiti ya karata na mkono wa dila. Ila kuna vitu viwili tofauti ambavyo watu wanavichanganya kila siku. Kimoja ni sehemu yako ya poti, yaani ungecheza mkono huohuo mara elfu kumi wastani ungepata shilingi ngapi. Kingine ni mtikisiko, wenyewe wanaita variansi, yaani leo hii, mara hii moja, unaweza kutupwa mbali kiasi gani na ule wastani. Hicho cha pili ndio kinachopungua, na karibu kila njia ya kukipunguza ina bei yake, ndogo au kubwa. Anayekuuzia njia inayoongeza sehemu yako baada ya hela kuingia anakuuzia mkeka uliochanika.

Hatua ya kwanza: jua hesabu yako kabla hujafungua mdomo

Huwezi kupatana bei ya kitu usichojua kina thamani gani. Rudi kwenye mkono wangu na mzee. Karata 52, zinazoonekana ni nane, nne za mezani na nne za kwetu, zimebaki 44. Zinazomwokoa mzee, zile wachezaji wanaita auti, ni kopa tu. Kopa zote 13, nne tunaziona, zimebaki 9. Akipata mfalme au malkia bado ree zangu zinamzidi. Kwahiyo yeye 9 kati ya 44, asilimia 20.5 hivi, mimi 35 kati ya 44, asilimia 79.5. Poti ni 2,000,000, sehemu yangu ni kama 1,590,900. Hiyo namba iweke kichwani maana tutaipiga kila upande mpaka mwisho.

Kama huna muda wa kugawanya, iko njia ya haraka: ikibaki karata moja zidisha auti mara 2, zikibaki mbili zidisha mara 4. Auti 9 zinakupa kama 18 au 36. Sio kamili (za kweli ni karibu 20 na 35) lakini mezani inatosha.

Na kwa oli-ini za kabla ya karata yoyote kufunguliwa, kariri chache. Ree mbili dhidi ya wafalme wawili ni asilimia 82 kwa 18. Malkia wawili dhidi ya ree na mfalme ni kama kurusha sarafu, malkia wako mbele kidogo, 54 mpaka 57 kutegemea kama ree na mfalme ni wa rangi moja (alama moja, kama kopa zote) au hapana. Wengi wanaolia kwamba wameonewa na riva, ukiwauliza walikuwa na asilimia ngapi hawajui. Utajuaje umeonewa sasa?

Hatua ya pili: kufungua mara mbili

Hii ndio silaha kubwa na ndio inayoeleweka vibaya kuliko zote. Mkiwa oli-ini na bado kuna karata za kufunguliwa, mnakubaliana dila afungue zilizobaki mara mbili, kila ufunguzi unabeba nusu ya poti. Karata za ufunguzi wa kwanza hazirudishwi kwenye pakiti, zinabaki mezani, wa pili unatoka kwenye zilizobaki.

Sasa angalia ingekuwaje kwangu kama mzee angekuwa ametikisa kichwa kwa ajili yangu na sio kwa ajili ya muziki. Kushinda zote mbili ni 35 kwa 44 mara 34 kwa 43, inakuja asilimia 62.9. Kupoteza zote mbili ni 9 kwa 44 mara 8 kwa 43, asilimia 3.8 tu. Kilichobaki, asilimia 33.3, tunagawana nusu kwa nusu. Jumlisha: 62.9 na nusu ya 33.3 unapata asilimia 79.5, ileile ya mwanzo, haikupanda wala haikushuka. Kilichobadilika ni kwamba kuondoka mikono mitupu kumetoka mara 1 kati ya 5 mpaka mara 1 kati ya 26. Mkifungua mara tatu kunashuka chini ya asilimia 1, kama mara 1 kati ya 158.

Kwa wanaopenda hesabu ya mtikisiko wenyewe: kwenye poti ya 2,000,000 ukifungua mara moja mkengeuko wa kawaida (kipimo cha matokeo yanavyotawanyika mbali na wastani) ni kama 807,000. Mara mbili unashuka mpaka 564,000. Mara tatu 455,000, mara nne 389,000. Umeona inavyokwenda? Ile ya kwanza kuja ya pili inakata karibu theluthi, baada ya hapo unapunguza kidogokidogo huku wenzako mezani wanapiga miayo. Ndio maana sehemu nyingi wanaishia mara mbili, wachache mara tatu kwenye poti nene kweli.

Kuna ubishi haufi: "ukifungua mara mbili unampa nafasi mbili anayekimbizia rangi", yaani anayetafuta karata tano za alama moja. Sio kweli, au tuseme ni nusu ya ukweli, nafasi mbili ndio, ila kila moja ni ya nusu ya hela. Chukua mfano mkali zaidi, mpinzani ana auti moja tu duniani. Mkifungua mara moja anaweza kuchukua poti nzima kwa asilimia 2.3. Mkifungua mara mbili, hawezi kuchukua yote hata aende kwa mganga, maana karata yake ni moja na itatoka mara moja tu, anachoweza kupata ni nusu, kwa asilimia 4.5. Nusu ya 4.5 ni ileile 2.3. Mizani haijasogea.

Halafu usije ukadhani kufungua mara mbili ni kinga. Septemba 2022, kwenye Hustler Casino Live, kile kipindi kinachorushwa mubashara kutoka Gardena, California, Garrett Adelstein aliingia oli-ini na Robbi Jade Lew kwenye karata ya nne, poti dola 269,000. Garrett ana nane na saba za maua. Robbi ana jeki ya maua na nne ya kopa, yaani hana kitu, ana jeki kavu. Mezani kumi ya kopa, kumi ya maua, tisa ya maua, tatu ya kopa. Mkono ule ulizungumzwa miezi na miezi, mimi hapa naangalia karata tu. Garrett zinamfaa maua yote 8 yaliyobaki, jeki 3 na sita 3 za kuunganisha mfululizo, na nane 3 na saba 3 za kupata jozi. Jumla 20 kati ya 44. Wakakubaliana mara mbili. Robbi akashinda zote mbili.

Mara moja, Garrett angeondoka bila kitu kwa asilimia 54.5. Mara mbili ilikuwa asilimia 29. Yaani hatari ya kuliwa yote ilipungua karibu nusu, bado akaliwa yote, kwasababu asilimia 29 sio sifuri, ni karibu mara moja katika kila tatu. Nikimsikia mtu analalamika "nilifungua mara mbili na bado" huwa namkumbusha huu mkono.

Namna ya kukubaliana (hapa ndio nilipoungua)

Uliza kwanza nyumba inaruhusu nini. Kuna vyumba mara mbili ruksa kwa poti yoyote, kuna ambavyo mpaka poti ifike kiwango fulani, kuna ambavyo hawataki kabisa. Uliza unapokaa, sio ukiwa umeshasukuma chipu.

Hela iwe imeshaingia yote na hakuna wa kuongeza, ndio mjadili. Kujadili mkiwa bado mnabetiana ni kumwambia mwenzako una mkono gani, na sehemu nyingi ni kosa.

Kila aliyemo kwenye poti lazima akubali. Mkiwa watatu na mmoja kasema moja, ni moja, usimkasirikie na usimwite mchoyo, ni haki yake.

Semeni kwa mdomo. Sio kutikisa kichwa, sio kukonyeza, sio kidole gumba. "Mara mbili." Halafu subiri dila arudie kwa sauti, "mara mbili, wote mmekubali?", na asiguse pakiti mpaka arudie. Mimi siku hizi naweka kabisa mkono mezani mbele ya dila, kama mtoto wa shule anayeomba kwenda chooni, wananicheka lakini sijawahi kupoteza tena poti kwa ajili ya muziki.

Na uwe na msimamo mmoja. Kama wewe ni wa mara mbili uwe wa mara mbili ukiwa mbele na ukiwa nyuma. Anayetaka mara mbili akiwa na auti chache na mara moja akiwa anaongoza, kwanza hesabu haimsaidii chochote maana sehemu yake ni ileile, pili watu wanamsoma ndani ya wiki.

Kitu kingine ambacho hakisemwi sana. Ukijulikana kwamba kila siku unafungua mara mbili, unapunguza uoga wa wenzako. Mtu ambaye angetupa karata zake kwa kuogopa kuliwa stoki yote (chipu zake zote za mezani) kwa riva moja sasa anakukoli, yaani analipa dau lako aendelee, "si tutafungua mbili bana". Kama mchezo wako unategemea kuwasukuma watu waachie poti, hiyo ni hasara ya kweli, na haionekani kwenye hesabu yoyote ya auti. Wapo wachezaji wazuri wanaosema moja tu siku zote kwa sababu hiyo, wana mtaji mnene na wanataka wewe ndio utetemeke. Mimi mtaji wangu sio mnene kwahiyo nafungua mara mbili na uoga wao nausamehe.

Hatua ya tatu: kuuza mkono wako

Njia nyingine badala ya kufungua mara nyingi ni kutofungua kabisa, unachukua thamani yako na kuondoka. Mezani inafanyika kwa mapatano, mnahesabu asilimia, mimi nachukua 1,590,000 wewe chukua 410,000, dila afungue kwa kujifurahisha tu. Mtikisiko sifuri. Ni nadra, maana aliye nyuma mara nyingi ndio yuko pale kutafuta msisimko na hiyo 410,000 haimnogei. Na nyumba nyingine haziruhusu, tena uliza.

Mtandaoni imekuwa kitufe. PokerStars walileta mwaka 2019, ukiwa oli-ini unaletewa sehemu yako ya poti papo hapo na wanakata asilimia 1 ya hiyo sehemu. Kwa mkono wangu ingekuwa 1,575,000 taslimu, nimelipa kama 15,900 kununua usingizi. Rahisi? Kwa mara moja ndio. Ila ukibonyeza hicho kitufe kila oli-ini, mwaka mzima, ile asilimia 1 inatafuna faida ya mtu ambaye faida yake yenyewe ni nyembamba kama chapati ya hotelini. Kufungua mara mbili kwa kawaida ni bure. Kwahiyo kitufe nakiweka kwa ajili ya ile poti ambayo nikiipoteza nitashindwa kucheza vizuri wiki nzima, sio kwa kila sarafu.

Halafu kuna bima. Hii imeenea sana kwenye meza za Asia na kwenye baadhi ya aplikesheni. Nyumba, au mchezaji mwingine mezani, anakuuzia bima kwamba auti za mpinzani zikitoka unalipwa. Hapa fungua macho. Bei ya haki kwa auti 9 kati ya 44 ni 35 kwa 9, yaani unaweka 1 unalipwa karibu 3.89. Tuseme wao wanakupa 3.5. Ukitaka kujikinga kabisa, upate sawa ushinde au upoteze, unalipia bima 444,444. Ukishinda unabaki na 1,555,556, ukipoteza bima inakulipa hiyohiyo 1,555,556. Umelala salama lakini umeacha zaidi ya 35,000 mezani kwao, mara mbili na zaidi ya kile kitufe cha asilimia 1. Anayeuza bima hana huruma na wewe, anafanya biashara, na ni biashara nzuri kuliko poka yenyewe.

Sheria yangu: kabla ya kununua, gawanya karata zinazokusaidia kwa zinazokuumiza, linganisha na wanachokupa. Kama huwezi kugawanya hapo mezani basi usinunue.

Hatua ya nne: punguza kiasi cha wewe kilichomo kwenye poti

Hapa ndio penyewe kwa maoni yangu, na hapa ndipo wakubwa wanapotofautiana na sisi. Kufungua mara mbili kunakata mtikisiko theluthi. Kuuza nusu ya nafasi yako kwa mtu mwingine kunakata nusu, kwenye kila mkono, hata ile ambayo haifiki oli-ini.

Kisa maarufu ni cha Andy Beal, mwenye benki kutoka Dallas, Texas. Kuanzia 2001 mpaka 2006 alikuwa anakwenda Las Vegas kucheza mmoja kwa mmoja na wachezaji bora wa pale, na hesabu yake ilikuwa ya kibenki: nikipandisha dau mpaka waogope, watacheza vibaya. Dau likapanda mpaka dola 100,000 na 200,000. Hakuna mchezaji mmoja mwenye akili timamu angekaa pale na hela yake peke yake. Wakafanya nini? Wakafanya kitu ambacho mama yako na shangazi yako wanakijua vizuri, wakachanga. Doyle Brunson, Jennifer Harman, Phil Ivey na wenzao wakaweka mfuko mmoja, anakaa mmoja kwa zamu, faida na hasara ni ya wote. Chama kabisa, kasoro sare za vitenge. Februari 2006 Beal alikuwa amewakamua mamilioni, wakamkalisha Ivey, siku tatu akarudisha zaidi ya dola milioni 16. Kama ingekuwa hela ya Ivey peke yake sidhani mkono wake ungekuwa umetulia vile.

Sisi wa chini tunafanya hivyohivyo kwa namna tatu. Unauza asilimia, yaani mshkaji analipa 30 kwa mia ya hela ya kuingilia na anachukua 30 kwa mia ya kitakachotoka. Au mnabadilishana, nakupa 10 yangu unanipa 10 yako, hakuna hela inayotembea mpaka mwisho. Au unakaa na stoki ndogo, kama meza inaruhusu kuingia na kati ya blaindi (lile dau la lazima la kuanzia mkono) 40 na 200 wewe ingia na 40 au 60, hakuna atakayekupiga poti kubwa kuliko uliyoleta. Wataalamu wanadharau stoki fupi. Waache.

Lakini andika. Nasema tena, andika. Mwaka 2006 Jamie Gold alishinda shindano kuu la World Series of Poker, wachezaji 8,773, dola milioni 12. Kabla hela haijatulia mtu aitwaye Crispin Leyser akaenda mahakamani akidai kuna ahadi ya nusu, tena ahadi ya mdomo. Wakaja kumalizana wenyewe mwaka uliofuata. Milioni 12 na makubaliano ya mdomo, hebu fikiria. Meseji moja inatosha: nani, asilimia ngapi, ya mchezo upi, kuanzia saa ngapi, nikiongeza hela katikati nawe unaongeza au la, na bakshishi ya dila inatoka kwenye fungu gani. Hilo la mwisho linaonekana dogo lakini nimeona marafiki wa miaka kumi wananuniana kwa ajili yake.

Hatua ya tano: mtaji

Nitapita haraka maana limesemwa sana, ila namba zake watu hawazijui. Kwenye holdemu isiyo na kikomo (poka hii hii ya karata mbili mkononi, unaweza kuweka hela yote) mkengeuko wa kawaida ni kama blaindi 90 kwa kila mikono 100. Chukua mchezaji mzuri, anashinda blaindi 5 kwa kila mikono 100, huyo ni mzuri kweli. Baada ya mikono 10,000 anategemewa kuwa juu blaindi 500, lakini mtikisiko wake ni 900. Yaani karibu mara 3 katika 10 atakuwa ana hasara baada ya mikono elfu kumi, huku anacheza vizuri kuliko wote mezani. Mezani kwenye kasino unapata labda mikono 30 kwa saa, elfu kumi ni zaidi ya saa 330. Miezi ya jioni zako. Akifika mikono 100,000 ndio uwezekano wa kuwa chini unashuka mpaka kama asilimia 4.

Ndio maana mtu anayecheza na hela ya ada hawezi kucheza vizuri hata awe na kipaji gani, hana saa 330 za kusubiri, shule inafungua Januari. Binafsi naweka mafungu 30 ya kuingilia kwenye akaunti ambayo haigusani na kodi wala chakula, nikibakiwa na 20 nashuka meza ya chini bila kujadiliana na nafsi. Ukicheza Omaha weka zaidi, kule karata nne mkononi zinafanya asilimia zikaribiane, oli-ini za 60 kwa 40 ni kama maji, na ndio maana kule wanafungua mara mbili kuliko kwingine.

Pale ambapo haya yote hayafanyi kazi

Kwenye mashindano hakuna kufungua mara mbili. Lazima mtu atoke ndio shindano liende. Huko unajikinga kwa kuuza asilimia kabla, na kwa kukwepa sarafu za 52 kwa 48 pale zawadi zinapokaribia, maana chipu unazopoteza zina thamani kubwa kuliko unazopata, ukizipoteza zote umetoka, ukiziongeza mara mbili zawadi yako haiongezeki mara mbili. Na mkibaki wachache mezani mwisho, kama waandaaji wanaruhusu, mnaweza kugawana zawadi kwa makubaliano.

Na kwenye riva hakuna cha kufungua. Mei 2023, palepale Hustler, Tom Dwan alikaa anaangalia malkia wake wawili huku mwenzake amesukuma hela yote kwenye karata ya mwisho, poti ikaja kufika dola milioni 3.1. Mwenzake alikuwa na ree na mfalme, hajapata kitu, anadanganya. Dwan akakoli. Hapo hakuna auti, hakuna bima, hakuna kitufe, karata zote zimeshalala. Ni wewe na uamuzi wako, na kama dau lile ni kubwa mpaka linakuzuia kufikiri basi kosa lilitokea masaa kabla, ulipokaa kwenye ile meza.

Daftari

La mwisho, kila oli-ini andika mstari mmoja. Tarehe, poti, asilimia yangu hela ilipoingia, tulifungua mara ngapi, nilitegemewa kupata ngapi, nimepata ngapi. Mistari ishirini haikuambii kitu. Mistari mia mbili inakuambia kama shida yako ni riva au ni kwamba unaingia oli-ini na asilimia 38 kila siku halafu unamsingizia dila. Kwangu ilionyesha wafalme wawili nawapenda kupita kiasi.

Mstari wa ule usiku bado upo, ukurasa wa pili: poti 2,000,000, asilimia 79.5, nilitegemewa 1,590,900, nimepata 0. Kwenye safu ya "mara ngapi" niliandika 1, pembeni yake kwa hasira, kwa kalamu nyekundu, nikaandika "muziki".